Ukuta wa Rangi Mbili

Nilipoanza kufikiria rangi ya salo sikuwa nafikiria uzuri, nilikuwa nafikiria mabega yangu. Nyumba yetu iko mtaa wa Murara, hapa Goma, na salo ndicho chumba cha mbele cha kupokea wageni. Kina ukuta mmoja mrefu unaoelekea mlango, na mtu akiingia macho yake yanaufikia ukuta huo kabla hayajamfikia mwenye nyumba. Zamani ulikuwa na rangi ya krem. Miaka ilivyopita ukawa na rangi ya chai ya maziwa, na juu ya viti, pale watu wanapoegemeza vichwa, ukawa na rangi ambayo haina jina.

Mimi ndiye niliyekuwa nauosha. Vumbi letu la Goma ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano tunayoyakanyaga kila siku, na likikutana na maji linakuwa kama wino. Kipindi cha mvua mbabula, jiko letu la makaa, inaingizwa kwenye korido, na moshi wa makala unatafuta njia ya kutokea kupitia salo. Maji yanafika kwa bidoni, madumu ya kubebwa. Nikitoka Birere, ambako nauza vitenge, ninakuwa nimesimama tangu asubuhi, nimekunjua vitambaa na kuvikunja tena kwa wanawake ambao wengi wao wanagusa tu na kuondoka. Nikifika nyumbani napika. Kisha siku ya mapumziko, ambayo watu wengine wanaiita hivyo, nachukua kitambaa na sabuni na ndoo, naanza kona ya mlango kuelekea kona ya dirisha.

Niseme kwa nini nilikuwa naosha ukuta, maana wako wanawake wengi mtaani kwetu wasioosha kuta na Mungu hawapigi. Nilikuwa naosha kwa sababu ya macho ya mama mkwe wangu.

Yeye ni mtu wa Kasongo, huko Maniema. Aliletwa Goma na mume wake, mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, wakati mji huu ulikuwa bado mdogo. Mume alipokufa alihamia kwetu, nami nilikuwa bado bibi harusi, sijajua hata kabati la vyombo linafungukia upande gani. Alikuwa ameuza vitenge maisha yake yote na macho yake yalikuwa yamefundishwa na kazi hiyo. Aliweza kukaa mlangoni akaona mwanamke anapita ng'ambo ya barabara, akasema kitenge kile ni cha kuiga, rangi yake itachuja siku ya kwanza. Macho hayo hayo ndiyo aliyoyaleta nyumbani mwangu. Yaliona mafuta kwenye mpini wa sufuria. Yaliona vumbi juu ya kabati, mahali ambapo mimi nisingefika bila kupanda kiti. Hakuwa mkali wa maneno. Alikuwa anatazama tu kitu, anakitazama muda, halafu anageuza uso. Mimi nikawa nafuta kile alichokitazama. Ndivyo tulivyoishi, yeye akitazama na mimi nikifuta, hadi watoto wangu wakakua na wengine wakaondoka kwenda kuishi kwao.

Halafu zikaja zile siku za vita, siku za masasi. Tulilala chini kwenye korido sote, na Mungu alitusitiri, hakuna mtu wetu aliyeumia. Lakini risasi zilipita dirishani zikachimba ule ukuta mrefu. Mambo yalipotulia bwana yangu aliziba matundu kwa simenti. Simenti ilikauka na rangi yake ya kijivu, ikabaki pale kama viraka kwenye shati la mtu asiye na mke. Wageni walikuwa wakiingia wanaangalia viraka, wanauliza, na sisi tunalazimika kueleza tena. Hata kueleza kunachosha.

Bwana yangu ni dereva wa lori. Barabara zilipofungwa, lori liliegeshwa, na yeye pia akaegeshwa nyumbani. Mwanaume ambaye nilikuwa nimezoea kumwona siku chache kati ya safari na safari, sasa alikuwa kwenye kiti cha salo asubuhi na jioni, akiutazama ukuta. Ndiye aliyesema kwanza kwamba Idi inakaribia na nyumba haiwezi kupokea watu ikiwa hivi. Alisema tupake nyeupe. Nyeupe kabisa, kama nyumba ya baba yake huko Kasongo, kabla ya kuhamia Goma, ambayo ilikuwa inapakwa chokaa kila mwaka kabla ya mfungo na ilikuwa inaonekana kutoka mbali.

Mimi nilisema kijani. Nilikuwa nimekiona tayari kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi pale Birere, karibu na meza yangu. Kijani kizito, kilichoiva, kama sombe ya majani ya muhogo iliyokaa muda mrefu jikoni. Nilipokiona nilihisi kitu kama usingizi mzuri. Rangi kama ile, mtoto akiigusa na mkono mchafu, inanyamaza. Moshi ukipita, inanyamaza. Nilijua nikiwa na ukuta ule ningeweza kukaa siku nzima ya mapumziko bila kusimama.

Bwana yangu alisema kijani kile ni cha baa. Nilimjibu kwamba mimi sijui rangi za baa. Aliona amejifunga mwenyewe, akacheka kidogo, lakini hakubadilisha.

«Batu wakikuja Idi, waone nyumba iko safi,» alisema.

«Na Idi ikipita, nani atasafisha?»

Alirudi kuutazama ukuta. Nadhani hakuwa amewahi kuliwaza swali hilo. Kwake ukuta mweupe ulikuwa unabaki mweupe wenyewe, jinsi shati lake lilivyokuwa linabaki jeupe.

Tulivutana hivyo siku nyingi, bila kelele, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu za kelele. Mmoja anasema neno asubuhi akiwa anavaa, mwingine anajibu jioni. Mwishowe bwana yangu alikwenda Birere akarudi na makopo mawili madogo, moja la nyeupe na moja la kijani. Alisema fundi apake kidogo kidogo, tuone kwa macho, tuache kubishana juu ya vitu vilivyomo kwenye kopo. Nilikubali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kuleta kitu ninachokitaka bila mimi kukifuata.

Fundi wa rangi alikuwa jirani yetu, mtu mpole anayependa kuimba akifanya kazi. Tulimwambia apake kipande kidogo cha kila rangi. Nafikiri hakutuelewa, au alituonea huruma kwa sababu ya vile viraka, maana aliugawa ukuta katikati. Upande wa kuume, kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, akapaka nyeupe. Upande wa kushoto, vivyo hivyo, akapaka kijani. Akasema tukae nazo siku chache, atarudi kumalizia tutakayochagua. Kesho yake akapata kazi kubwa Bukavu, akapanda boti akaenda, na tukabaki na ukuta wa rangi mbili.

Idi ilitukuta hivyo. Wageni waliingia na kanzu zao na vitenge vipya, wakasalimia, wakakaa, na kabla sahani ya pilau haijafika kila mmoja alikuwa na upande wake. Dada ya bwana yangu alisema nyeupe, hata haina mjadala. Jirani mmoja mkatoliki, mtu wa upande wa Bukavu ambaye huja kwetu kila Idi kama sisi tunavyokwenda kwake Noeli, alisema kijani kina heshima, ofisi za wakubwa zinapakwa hivyo. Mzee mmoja wa msikitini alipendekeza tuache kama ilivyo. Watu walicheka na mimi nilicheka nao, nikiwa nabeba sahani. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nikiinama kuweka sahani mezani nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kama nitaweza kuinuka.

Mama mkwe wangu alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akiupa mgongo mwanga na kuutazama ukuta. Alipoulizwa upande wake, alisema atakubali chochote watoto watakachochagua. Watu walimsifu kwa hekima hiyo. Mimi nilijua sababu nyingine. Alikuwa haoni tofauti vizuri, na hakutaka mtu ajue.

Macho yake yalikuwa yanaondoka. Kwa muda mrefu alikuwa ameyaficha, na aliyaficha kwa ufundi. Aliwajua watu kwa miguu yao. Alikuwa anatambua mlio wa kandambili zangu na namna bwana yangu anavyoburuta kisigino, na alikuwa anaita mtu kabla hajasalimiwa, ili ionekane amemwona. Alipoanza kugonga kona ya meza, alisema meza imesogezwa. Nilipomkuta akimimina chai pembeni ya kikombe, alisema mkono umechoka. Fimbo aliikataa. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, na daktari akatueleza kwamba ni presha ya macho, imeshakula mishipa ndani, na kile kilichokwenda hakirudi. Alimpa dawa ya matone ya kulinda kile kilichobaki. Kwenye moto, pikipiki ya kukodi, wakati wa kurudi, alikaa kati ya dereva na mimi, nikamshika kiuno hadi tukafika mlangoni. Kisha alisema daktari yule ni mtoto tu.

Hivyo macho niliyokuwa nimeyaogopa tangu nilipoolewa yalikuwa yamefungwa, au karibu. Mtu angefikiri nilipumzika. Ukweli ni kwamba kazi iliongezeka. Sasa nilikuwa namwekea matone asubuhi na jioni, namshika mkono kwenda chooni nje, namtolea miiba kwenye samaki. Na bado nilikuwa naosha kuta, zile ambazo hazijapakwa. Mkono ulikuwa umeshazoea, haukuuliza tena ni nani anayetazama.

Wiki kadhaa baada ya Idi nilirudi mapema kutoka Birere. Soko lilikuwa limelala, na mvua ilikuwa imenyesha ikafanya tope kati ya meza. Nilivua kandambili mlangoni kwa sababu ya tope, nikaingia miguu mitupu. Bwana yangu hakuwepo, alikuwa amekwenda kukagua lori lake asije mtu akaling'oa vyuma. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na mlango ulikuwa wazi, mwanga wote ukaangukia ukuta mrefu. Nilikuwa nimevaa kitenge cha bluu nzito na kilemba cha aina hiyo hiyo. Nilipita mbele yake bila kusalimia, jambo ambalo si adabu, lakini nilikuwa nadhani amesinzia. Nilitaka tu kufika jikoni, ninywe maji.

Nilipofika upande wa ukuta mweupe nilisimama, nikaegemea kwa kiganja. Kizunguzungu kilikuwa kimenipata.

«Simama apo,» alisema.

Niligeuka. Nilidhani anaota.

«Usitoke. Niko nakuona.»

Alikuwa ameinua kidevu na kuelekeza uso wake kwangu, kwangu kabisa, sio pembeni kidogo ya bega langu kama alivyokuwa anafanya miezi yote ile. Nilisimama. Aliniangalia kwa ile namna yake ya zamani, muda mrefu, na mwili wangu wenyewe ukaanza kutafuta ni kitu gani hakijafutwa. Niliangalia kitenge changu kama kina tope.

«Umekonda,» alisema. «Juu ya nini umekonda hivi?»

Nilijua nimekonda, nguo zangu zilikuwa zimeniambia. Watu wa sokoni walikuwa wananiona kila siku na hawakusema. Bwana yangu alikuwa anakaa na mimi meza moja na hakusema. Nilibaki nimesimama na kiganja ukutani, nikasema ni kazi tu, mama.

Alisema kwamba kazi anaijua, yeye pia amefanya kazi, lakini mabega yangu yameanguka kama ya mtu anayebeba bidoni hata asipobeba. Aliniambia niende upande wa pili. Nilisogea upande wa kijani. Akakunja uso, akawa anatafuta.

«Sasa umepotea,» alisema. «Rudia.»

Nikarudi kwenye nyeupe. Akatikisa kichwa, ndiyo, ameniona. Akaniambia nisogee tena, nikasogea. Tulifanya hivyo mara kadhaa, mimi nikitembea miguu mitupu mbele ya ukuta kama mtu anayeonyesha nguo, yeye akisema yuko, hayuko. Mara moja nilidanganya, nikabaki upande wa kijani bila kuondoka, nikanyamaza. Alinyoosha mkono mbele kidogo, kama unavyonyoosha mkono kwenye maji kupima kina, halafu akaurudisha kwenye paja lake. Sikurudia tena mchezo ule.

Nilimsogezea kiti changu tukakaa. Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, jinsi ilivyo. Alisema dunia haijawa giza kama watu wanavyofikiri, imekuwa kama moshi wa mbabula uliojaa chumba, na vitu vyote vimevaa moshi huo. Mtu akipita mbele ya kitu cheusi anayeyuka. Akipita mbele ya mlango ulio wazi mchana, au mbele ya shuka lililoanikwa, anatokea, anakuwa na kichwa na mikono. Alisema tangu fundi apake, alikuwa anakaa kwenye kiti kile akisubiri watu wapite upande wa kuume. Siku ya Idi alimwona binti yake kwa muda, alipokuwa anajifunga kilemba pale, akaona kwamba amenenepa na akafurahi. Hakumwambia mtu kwa sababu hakutaka rangi ya nyumba ya mwanawe ichaguliwe kwa ajili ya ugonjwa wake.

Nilimuuliza kwa nini basi ameniambia mimi.

Alisema, «Wewe ulikuwa unaanguka.»

Jioni bwana yangu aliporudi nilimwambia kwamba tupake nyeupe. Aliniangalia kwa mashaka, kwa sababu mtu aliyezoea kubishana na mwenzake anaogopa akishinda ghafla. Nilimweleza yaliyotokea mchana. Aliondoka akasimama mwenyewe mbele ya nyeupe, akimtazama mama yake. Alikuwa amevaa shati jeupe. Mama yake aliendelea kuvuta tasbihi. Bwana yangu alishusha macho akaona shati, akalivua palepale, akasimama kifua wazi, mtu mzima mwenye mvi, na mama yake akainua uso, akamwambia avae nguo, nyumba ina watu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na yeye pia alicheka, lakini aligeukia dirishani kwanza, na alikaa pale dirishani muda kidogo.

Fundi aliporudi kutoka Bukavu alishangaa kukuta ukuta uko vile vile. Tulimwambia nyeupe, salo yote, na isiwe ya kung'aa, maana mng'ao ulikuwa unamchoma mama macho. Kile kijani kilichobaki kwenye kopo nilikuwa na mahali pake. Nilimwambia akipake kwenye fremu za milango, ule wa nje na ule wa korido, na kwenye migongo ya viti, ili mama aone wapi pa kupita na wapi pa kushika. Bwana yangu alisema viti vya kijani vitafanana na vya shule. Nilimwambia tutasoma basi.

Kazi ilimalizika, na nyumba ilikuwa nzuri, lazima nikiri. Viraka vya simenti vilipotea. Mama mkwe aliweza kutoka kwenye kiti chake hadi korido akifuata fremu, mkono mmoja mbele, bila kumwita mtu, na siku ya kwanza alipofika peke yake mlango wa nje alisimama pale akiwasalimia wapita njia wote, wanaomjua na wasiomjua.

Na mimi nikarudi kwenye ndoo. Nyeupe ile ilikuwa kama nilivyojua itakavyokuwa. Mvua ya kwanza ilileta moshi, moshi ukaleta mistari juu karibu na plafo, kwenye dari. Wajukuu walikuja kutembea wakaacha vidole vyao chini ya dirisha. Ukuta ukichafuka, watu walikuwa wanazama kidogo kidogo machoni mwa mama, kwa hiyo sasa kuosha hakukuwa tena jambo la kuona aibu mbele ya wageni. Kulikuwa na sababu ambayo sikuweza kuisukuma hadi wiki ijayo. Kuna siku nilikuwa naosha nikiwa na hasira, sikufichi, nikisema moyoni kwamba ningekuwa na ukuta wangu wa kijani ningekuwa nimelala.

Siku moja nilirudi kutoka Birere nikakuta bwana yangu juu ya kiti, ana kitambaa mkononi na ndoo chini. Mama yake alikuwa amemwambia kitu, sikuambiwa nini, na sikuuliza. Aliosha vibaya. Alianzia juu, maji meusi yakashuka yakachora ukuta wote, na ilibidi nirudie upande mzima. Lakini aliendelea wiki iliyofuata, na iliyofuata, akajifunza kuanzia chini na kukamua kitambaa vizuri. Jirani mkatoliki alimkuta hivyo akamtania kwamba amepata kazi mpya, naye alimjibu kwamba lori hili halihitaji barabara. Kwa miezi michache mgongo wangu ulipata kupumua. Kisha njia moja ikafunguliwa, tajiri wa lori akampigia simu, na akaondoka. Ndoo ikabaki yangu tena.

Macho ya mama hayakusubiri. Dawa ya matone ilipatikana kwa shida, kuna wakati ilikosekana kabisa madukani, na daktari alikuwa ametuambia mapema bila kutuficha. Ilifika asubuhi nilisimama mbele ya nyeupe, katika jua zuri, nimevaa bluu ile ile kwa makusudi, na uso wake ulitazama pembeni ya bega langu. Nilisogea kidogo ili niingie mahali alipokuwa anatazama. Alisikia miguu yangu, akasema nisihangaike. Alisema ni sawa, amenitazama vya kutosha.

Nilikwenda sokoni, nikakunjua vitenge, nikavikunja. Mwanamke mmoja aliniuliza kama kitenge alichoshika ni cha asili au cha kuiga, nikashindwa kumjibu, akadhani ninamdanganya, akaondoka.

Bwana yangu, kwenye simu, aliuliza kama sasa tungeweza kupaka ile kijani, kwa kuwa nyeupe haimsaidii tena mama na mimi nachoka. Alisema kwa upendo, nilisikia. Nilimwambia aache. Kupaka ni kutoa viti, kufunika vitu, kukaa na harufu, kumpeleka mama kulala kwa jirani. Sikuwa na nguvu za kupata rangi ya kunipumzisha. Ukuta uko mweupe mpaka leo, mweupe wa kadiri yangu, maana siuoshi tena kila wiki. Nauosha nikiweza.

Siku hizi nikitoka sokoni sipiti moja kwa moja jikoni. Nakaa kwanza kwenye kiti kilicho jirani na cha mama, miguu nimeinyoosha. Ananiuliza nimeuza nini, nami namweleza kitenge kimoja kimoja, maua yake, rangi ya chini na rangi ya juu, na yeye anasema bei ambayo ningepaswa kuomba. Mara nyingi usingizi unanikamata katikati ya maneno. Wajukuu wameniambia kwamba nikilala, mama mkwe ananyoosha mkono mpaka aguse kanga yangu, anauacha pale, na mtu yeyote akiingia kwa kelele anamwambia atembee polepole, mama wa nyumba anapumzika.